Muulize Fundi: Sumaku ya kilo 1,000 na pleti ya kilo 850

Shikamoo fundi. Nasimamia karakana ya kutengeneza matangi hapa Chang'ombe, Dar es Salaam. Pleti za chuma tunazopokea ni za mita 6 kwa mita 1.5, unene milimita 12. Tunazinyanyua kwa klampu na minyororo, na kila mara lazima kijana mmoja apande juu ya rundo kufunga. Bosi ameletewa bei nzuri ya sumaku-umeme moja ya duara, imeandikwa kilo 1,000. Kreni yetu ni ya tani 2. Tuichukue?
*Msimamizi, Chang'ombe*

Marahaba, mwanangu. Msiichukue, hata kama bei ni nzuri namna gani.

Tuanze na uzito. Mita moja ya mraba ya chuma yenye unene wa milimita 1 ina kilo 7.85. Mimi hupiga kwa 8, ili hesabu ikikosea ikosee upande wa usalama. Pleti yako ina mita za mraba 9. Zidisha kwa 12, kisha kwa 8, unapata kilo 864. Bosi akiiona hiyo 864 chini ya 1,000 ataona mambo yamekaa sawa. Hayajakaa sawa. Ile 1,000 imepimwa kwenye kipande cha chuma cha kawaida kilicho kinene, kimenyooka, kimesafishwa, na kimegusana na uso wote wa sumaku. Pleti zako hazifanani na kipande hicho hata kidogo.

Kwanza unene. Nguvu ya sumaku hutoka kwenye ncha moja, hupita ndani ya chuma na kurudi kwenye ncha ya pili. Chuma chembamba ni njia finyu. Kikishajaa, nguvu iliyobaki hupita nje bila kubeba chochote. Sumaku kubwa huhitaji chuma kinene ili ifikie uwezo wake wote. Nyingi za tani moja, zile zisizotumia umeme zinazowashwa kwa kugeuza mpini kwa mkono, huufikia uwezo wao kamili kwenye unene wa milimita 40 hadi 60. Kwenye milimita 12 kinachobaki ni sehemu ndogo tu. Kwa hiyo muuzaji akupe jedwali linaloonyesha uwezo kwa kila unene na kwa kila ukubwa wa mwanya wa hewa kati ya sumaku na chuma. Asipokuwa nalo, funga mazungumzo.

Pili, huo mwanya wenyewe. Rangi, kutu, yale magamba meusi ya kiwandani, chembe moja ya weldi iliyogandia juu ya pleti: vyote vinaisukuma sumaku mbali na chuma. Nusu milimita unaweza kuidharau kwa macho, lakini sumaku haiidharau. Kuna kipimo chepesi ninachokipenda. Kabla ya kuwasha, ishushe sumaku juu ya pleti na upenyeze ukanda wa karatasi kwenye ukingo wake, uzunguke pande zote. Mahali karatasi inapoingia bila kukwama, hapo hamna mgusano. Safisha, geuza, jaribu tena.

Tatu, na hili ndilo linalonitia hofu zaidi kwenye barua yako: urefu. Ukiishika pleti ya mita 6 katikati kwa sumaku moja, karibu mita 3 zinaning'inia kila upande. Zitapinda. Zikipinda, pleti inaanza kuachana na sumaku kwenye kingo, kama plasta inavyobanduliwa kwenye ngozi, na mbanduko ukishaanza hauishii njiani. Watu wengi hudhani sumaku huachia kwa sababu mzigo umezidi kilo. Kwa pleti ndefu, mara nyingi kilo zilikuwa zimetosha. Pleti ndiyo iliyopinda.

Unachohitaji ni boriti yenye sumaku ndogo kadhaa zilizopangwa kwa urefu, nne au sita, ili pleti ibaki imenyooka. Usigawe uzito sawasawa kwa kila sumaku ukaridhika. Pleti ikiwa na wimbi kidogo, moja au mbili zitagusa nusu tu. Halafu kumbuka kreni yako: tani 2 ni jumla ya pleti, boriti, sumaku na minyororo. Mwambie mtengenezaji aandike uzito wa boriti kwenye bei yake.

Sasa umeme. Hujauliza, ila lazima nilisemee. Sumaku-umeme ya kawaida inashika wakati umeme unapita kwenye koili. Tanesco wakikata, pleti iko chini. Mtu atakuambia, "Tuna jenereta." Jenereta huchukua sekunde kadhaa kuwaka na pleti haisubiri hata moja. Kiwango cha Ulaya cha vifaa vya kunyanyulia, EN 13155, kinataka sumaku inayotumia umeme wa gridi iwe na betri ya akiba inayoweza kuushikilia mzigo kwa angalau dakika 10, na kengele ya kuonya umeme ukikatika. Betri hiyo ipimwe mara kwa mara ikiwa na mzigo. Taa ya kijani kwenye chaja haitoshi.

Kwa karakana kama yako, mimi ningenunua aina nyingine: sumaku ya kudumu inayowashwa na kuzimwa kwa umeme. Umeme hupita kwa muda mfupi tu wa kushika, na tena wakati wa kuachia. Katikati hapo inashika yenyewe hata waya ukikatwa. Bei yake iko juu. Mweleze bosi kwamba hiyo tofauti ya bei inalipia roho za watu walio chini ya kreni. Kiwango hichohicho cha EN 13155 kinataka nguvu ya kubandua sumaku ya aina hii iwe angalau mara 3 ya mzigo ulioandikwa. Kwa sumaku-umeme ni mara 2. Angalizo moja: sumaku ya kudumu haipendi joto. Pleti iliyotoka kukatwa kwa gesi iache ipoe kwanza.

Siku ya kazi, nyanyua sentimita 10, simama, tazama kingo zote, ndipo uendelee. Pleti iongozwe kwa kamba au fimbo ndefu, na isipite juu ya mtu yeyote. Huyo kijana wako hana tena sababu ya kupanda kwenye rundo, na asipande.

Fundi, tunatengeneza maboti hapa Mwanza. Sumaku yetu inashika pleti za milimita 4 mbilimbili. Ya chini huanguka tukiwa tumeshanyanyua. Tufanyeje?
*Mjenzi wa maboti*

Sumaku yenu ni kubwa kuliko pleti. Milimita 4 haiwezi kuimeza nguvu yote, hivyo inapenya hadi ya pili, lakini huko inakuwa dhaifu. Ndiyo maana ya pili inapanda kisha inaanguka, na hakuna anayejua itaanguka lini.

Kama kidhibiti chenu kinaruhusu kupunguza umeme, punguzeni hadi ishike moja tu, kisha mkishanyanyua sentimita chache mpandishe nguvu yote. Kama hakiruhusu, tafuteni sumaku zenye ncha ndogo zilizokaribiana, maana hizo hazipenyi mbali. Kwa pleti nyembamba safi, hata vifaa vya kunyanyulia kwa kufyonza hewa vinafaa. Msithubutu kuigonga ile ya chini kwa nyundo ili idondoke. Nimeona watu wakifanya hivyo wakiwa wamesimama pembeni yake, na miguu yao iko palepale inapoangukia.

Habari za kazi, fundi. Tangu tuanze kutumia sumaku, weldi inatusumbua: moto unakwepa pembeni na vumbi la chuma linanata kwenye pleti. Kuna uhusiano?
*Mchomeleaji, Tanga*

Upo. Pleti imebaki na usumaku, na usumaku huo unausukuma moto wa weldi, hasa kwa mashine za umeme wa DC, yaani unaokwenda upande mmoja tu. Kidhibiti kizuri cha sumaku, kikizimwa, hugeuza mkondo kwa muda mfupi ili kuufuta. Mwambieni fundi umeme akague kama sehemu hiyo inafanya kazi. Aangalie pia njia ya kumwagia umeme wa koili, kwani koili ikikatiwa ghafla hutoa volti kubwa inayoweza kuua swichi na mtu. Wakati mnasubiri, kama mnayo mashine ya AC, yaani ya umeme unaogeuka-geuka upande, chomeleeni nayo. Elektrodi (fimbo za kuchomelea) za E6013 zinaikubali bila shida.