Zoezi la watu 11: majibu kwa makocha

Kocha, nina wachezaji 12 wa mpira wa kikapu. Mazoezini wanapanga foleni kungoja zamu ya kutupa mpira, mpaka miili inapoa. Niwape zoezi gani la kuwachangamsha na kuwaunganisha?

Foleni ivunje leo hii. Zoezi ninaloliamini kuliko yote ni la watu 11. Kila kikapu kipe walinzi wawili. Kila nusu ya uwanja weka wengine wawili, mmoja kila pembeni, usawa wa mstari wa mitupo huru. Watatu waliobaki waanzie katikati na mpira, wawavamie walinzi wa kikapu kimoja. Mpira ukiingia, au ukigonga ringi na kurudi, wote watano waugombee. Atakayeupata anatoa pasi kwa mmoja wa wale wa pembeni wa nusu hiyo, kisha yeye na hao wawili wanatimka kwenda kikapu cha pili. Wanne walioachwa nyuma wanagawana wenyewe: wawili ulinzi, wawili pembeni. Mchezo hausimami. Mchezaji wako wa 12 angoje nyuma ya mmoja wa pembeni.

Hapo hakuna anayechagua wenzake. Uliyekuwa unamkaba sasa hivi, punde anaweza kuwa mwenzako. Lakini macho yako, kocha, yasiufuate mpira. Yabaki kwa wale wanne. Wasiposemezana, watatu watakimbilia pembeni na kikapu kitabaki wazi. Niliwahi kumfundisha binti mpole sana, kila mara anaachwa peke yake chini ya ringi. Jioni moja akamnyooshea mwenzake kidole, akapaza sauti: "Wewe na mimi, tubaki!" Yule mwenzake alikuwa ameshapiga hatua tatu, akageuka, akarudi. Tangu siku ile wenzake walikuwa wakiisubiri sauti yake.

Nyota wangu hatoi pasi. Akishika mpira ni yeye na ringi tu. Nimkalishe benchi?

Usimkalishe, badilisha hesabu. Bao la mtu aliyejipeleka mwenyewe lipe pointi moja, bao lililotokana na pasi lipe mbili. Kisha weka sharti kwa wote: ukivuka nusu ya uwanja, unadunda mara moja tu. Watatu wakicheza na walinzi wawili, lazima mmoja awe huru, na mwenye mpira atalazimika kumtafuta. Akikosea, muulize tu, "Nani alikuwa wazi?" Mwache ajibu mwenyewe. Mimi huona wachezaji wa namna hii wakigeuka kuwa watoa pasi wazuri kuliko wote, kwa sababu walinzi wanawaogopa na kuwafuata.

Walinzi wangu wawili wanafungwa kila mara na wanakata tamaa. Wakabe vipi?

Wasisimame sambamba. Mmoja mbele, mwingine nyuma yake karibu na kikapu. Wa mbele amsimamishe mwenye mpira. Pasi ya kwanza ikienda pembeni, wa nyuma aende kwa mpira, na wa mbele ashuke haraka kulinda kikapu, upande wa pili. Waende wote wakati pasi ingali hewani, na waambizane: "Mpira wangu!" "Kikapu changu!" Pia wape kazi wanayoiweza. Usiwadai wapokonye mpira. Wadai wawalazimishe wapinzani kutoa pasi moja zaidi. Kwenye mechi, pasi hiyo moja inatosha mlinzi wa tatu kurudi.

Lichukue dakika ngapi?

Nne, maji, kisha nne tena. Timu nzima ihesabu mabao kwa sauti, lengo liwe 15 kwa kila awamu. Miguu ikianza kuburuzwa, kata hapo hapo.

Leo wamekuja 8 tu. Nifanyeje?

Watatu washambulie wawili, watatu wengine wangoje nje ya mstari wa mwisho. Shambulizi likiisha, wale walinzi wawili wanachukua mpira na kukimbilia kikapu cha pili. Anayewakaba ni mmoja tu: aliyetupa mpira wa mwisho au aliyeupoteza. Wenzake wawili wanabaki kuwa walinzi wapya, na waliokuwa wakingoja wanaingia wakitokea upande ule wa pili. Yule anayerudi peke yake atachoka sana, basi hakikisha wenzake wanampigia kelele za kumtia moyo mpaka afike.