Nyota wa Kwanza na Aliyepokea Nafasi: Maswali Yenu kuhusu Albamu za Tamthilia za Muziki

Barua nyingi za safari hii zinazunguka jambo moja: kati ya aliyeanzisha nafasi na aliyeipokea, nani alistahili makofi zaidi? Tunafurahi mmeuliza, maana waliopokea nafasi husahaulika haraka na mara nyingi kosa si lao. Albamu hurekodiwa muda mfupi baada ya onyesho la uzinduzi, kwa hiyo sauti inayobaki masikioni mwa watu ni ya yule aliyekuwapo wiki zile.

Kila nikisikiliza wimbo mmoja ulioimbwa na nyota wawili, yule niliyemzoea ndiye anayeshinda. Nitalinganishaje kwa haki?

Anza na yule usiyemzoea, tena umsikilize mara tatu kabla ya kumrudia wa kwanza. Mara ya kwanza fuata maneno tu. Mara ya pili sikiliza anapovuta pumzi, kwa sababu pumzi ndiyo inayoamua sentensi itakatwa wapi na maana itaangukia neno gani. Mara ya tatu mwache mwimbaji, usikilize okestra: je, inamsubiri au inamkimbiza? Ile nota ya juu ya mwisho, ambayo kila mtu huikimbilia, iache hadi mwisho kabisa. Ndiyo inayodanganya kuliko zote.

Kabla ya hapo sawazisha ukubwa wa sauti. Sikio la binadamu huona kinachovuma zaidi kuwa kizuri zaidi, na santuri ya miaka ya 1950 iliyohamishiwa kwenye CD zamani huwa chini kuliko rekodi ya juzi. Punguza ile kubwa; usiongeze ile ndogo. Kisha hakikisha kwamba unalinganisha kitu kimoja. *Les Misérables* ya London ya mwaka 1985 na ile ya New York ya 1987 hazina mpangilio mmoja: katika albamu ya London, wimbo wa askari polisi Javert, "Stars", unakuja kabla hatujaingia katika mitaa ya Paris, New York uliwekwa baada ya hapo. Javert wa London na Javert wa New York wanaimba wakiwa mahali tofauti katika hadithi, kwa hiyo hasira yao haiwezi kuwa sawa.

Kwa wanaoanza kabisa, zoezi tunalolipenda ni kumlinganisha mtu na nafsi yake. *My Fair Lady* ilizinduliwa New York tarehe 15 Machi 1956 na kurekodiwa siku kumi baadaye, Jumapili, kwa mono. Nyota wake, Julie Andrews, alikuwa na miaka 20. Mwaka 1959 yeye na mwenzake Rex Harrison waliirekodi upya kwa stereo wakiwa na waigizaji wa London. Stereo ina nafasi na hewa zaidi, lakini kwetu sisi ile ya 1956 ndiyo yenye moto. Miaka mitatu ndani ya nafasi moja humpa mwimbaji uhakika, na uhakika huo nao hula ule mshtuko wa mara ya kwanza. Ukishausikia mshtuko huo ukipungua kwa mtu yule yule, hutamlaumu tena mrithi kwa kukosa kitu ambacho hata mwenyewe alikipoteza.

Mrithi, mwigizaji wa akiba, na yule anayeimba siku maalumu tu: si wote ni kitu kimoja?

Hapana. Mrithi amepewa nafasi moja kwa moja, na jina lake huwekwa kwenye bango. Wa akiba mara nyingi huwa jukwaani kila usiku katika nafasi ndogo au katika kundi la waimbaji, naye hupanda pale tu nyota anapougua. Yupo pia wa akiba asiye na kazi nyingine jukwaani, ambaye hukaa tayari kuitwa. Na yupo anayepangiwa siku zake. Bette Midler alipoigiza *Hello, Dolly!* mwaka 2017, Donna Murphy alikuwa na Jumanne zake, na bango lilisema hivyo waziwazi.

Tofauti hii ina uzito unapolinganisha. Wa akiba aliyeitwa adhuhuri kwa onyesho la jioni hajapata mazoezi na okestra nzima. Anafuata hatua, taa na alama za sakafuni zilizopangwa kwa ajili ya mwingine. Ukipata sauti yake ya siku ile ukaiweka mbele ya albamu ya studio iliyorudiwa mpaka ikanyooka, hujalinganisha waimbaji. Umelinganisha mazingira ya kazi.

Mbona warithi wengi hawana albamu? Mimi ningemtaka Sally Ann Howes katika *My Fair Lady*.

Hata sisi tungemtaka. Alimpokea Julie Andrews New York mwaka 1958, na hakuna albamu ya waigizaji iliyomhifadhi katika nafasi ile. Sababu kubwa ni fedha. Kwa miaka mingi mikataba ya Actors' Equity, chama cha waigizaji wa jukwaani wa Marekani, ilidai mwigizaji alipwe mshahara wa wiki nzima kwa kila siku ya kurekodi. Zidisha hiyo kwa kundi lote, ongeza wapiga ala, studio na mafundi, halafu jiulize nani atanunua wakati albamu ya kwanza ingali dukani.

Kwa hiyo mrithi hurekodiwa pale tu hesabu inapobadilika. Novemba 1967 mtayarishaji David Merrick aliliingiza katika *Hello, Dolly!* kundi zima la waigizaji weusi, likiongozwa na Pearl Bailey na Cab Calloway. Kampuni ya RCA Victor, ambayo tayari ilikuwa na albamu ya Carol Channing, Dolly wa kwanza, ya 1964, ilirekodi upya. Hapo mnunuzi alikuwa anapata kitu kipya kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Vanessa Williams naye alimpokea Chita Rivera katika *Kiss of the Spider Woman* mwaka 1994, na kwa kuwa alikuwa tayari nyota wa redio, albamu yake ikapatikana.

*Funny Girl* ya 2022 ilikwenda kinyume kabisa na desturi. Beanie Feldstein alizindua mwezi wa Aprili, akaondoka mwisho wa Julai. Julie Benko akabeba nafasi mwezi wa Agosti. Lea Michele akaingia tarehe 6 Septemba, na albamu ikatoka Novemba ikiwa na sauti ya Michele. Yaani nyota wa kwanza wa onyesho lile hayumo katika albamu yake. Vizazi vijavyo vitadhani Michele ndiye aliyeanza, kwa hiyo andikeni tarehe hizi ndani ya majalada yenu.

Mrithi ameshusha wimbo chini kuliko nyota wa kwanza. Je, si dalili kwamba hauwezi?

Hili ndilo swali lililotugusa zaidi. Jibu ni hapana, na tunaomba mlifute kabisa kosa hili katika hukumu zenu. Nyimbo za nyota wa kwanza hukatwa kama gauni, kwa kipimo cha mtu mmoja. Carol Channing alikuwa na sauti nzito ya chini, na nafasi ya Dolly ikakaa humo. Ethel Merman alipoingia Machi 1970, Dolly wa mwisho wa onyesho lile la miaka karibu saba, hawakumbana ndani ya vipimo vya Channing. Nyimbo mbili ambazo mtunzi Jerry Herman alikuwa amezitunga akimfikiria Merman, kisha zikaachwa nje, zilirudishwa jukwaani kwa ajili yake.

Kushusha kii, yaani kimo cha nota ambacho wimbo mzima umejengwa juu yake, si kazi ya mwimbaji peke yake, na hapa ndipo wasikilizaji wengi wanapokosea. Tuseme wimbo umeshushwa kwa toni moja. Kila karatasi ya kila mpiga ala lazima iandikwe upya. Kabla ya kompyuta wanakili waliziandika kwa mkono, ndiyo maana watayarishaji walikuwa wagumu kukubali. Siku hizi programu inahamisha nota kwa dakika chache, lakini haijui kinachosikika vizuri. Fidla haiwezi kwenda chini ya waya wake wa nne, ambao ni G. Kifungu kilichokuwa kinaishia hapo sasa kimekosa pa kushuka, basi mpangaji wa muziki hukipandisha oktava nzima au hukipa viola, ndugu ya fidla mwenye sauti ya chini zaidi. Filimbi ya okestra nayo huishia C ya katikati, na hata kabla ya kufika huko sauti yake huwa dhaifu kiasi cha kufunikwa na tarumbeta. Kii zinazotumia nyuzi huru za fidla, yaani zisizobanwa kwa kidole, kama D na A, hung'aa. Ukizishusha kwa nusu toni, mng'ao ule hupotea.

Kwa hiyo ukisikia kwamba toleo la mrithi "limepoa", chunguza kwanza kama kilichopoa ni fidla. Fungua programu ya kutunia gitaa, imba pamoja na nota ya mwisho ya wimbo katika rekodi zote mbili, soma jina la nota. Zikitofautiana, umepata nusu ya jibu.

Nyimbo za watu wawili ni balaa zaidi. Ukimshushia mwanamke, mwanamume anayejibizana naye huzama kwenye besi asiyokuwa nayo. Na wimbo unaounganika na ule unaofuata bila kusimama unahitaji vipande vipya vya muziki vya kuunganisha kii mbili. Ndiyo maana wakati mwingine huuacha wimbo ulivyo na kuondoa tu ule mpando wa kii kabla ya ubeti wa mwisho. Msikilizaji hukosa mwinuko, akamlaumu mwimbaji.

Nina santuri ya *Company* iliyoandikwa kuwa ni ya waigizaji wa London, lakini Elaine Stritch anasikika sawasawa na katika albamu ya New York, hadi pumzi. Nimeuziwa bandia?

Hujauziwa bandia. Albamu ya New York ilirekodiwa Mei 1970, siku chache baada ya uzinduzi, Dean Jones akiwa ndiye Robert, mhusika mkuu. Kabla mwezi ule haujaisha Jones alikuwa ameondoka na Larry Kert, aliyekuwa Tony wa kwanza katika *West Side Story* mwaka 1957, akachukua nafasi. Tamthilia ilipopelekwa London mwaka 1972, ikiwa na Kert na Stritch, studio ilichukua rekodi ile ile, ikaondoa sauti ya Jones na kuweka ya Kert.

Tunza santuri hiyo. Hakuna mahali pengine pazuri kama hapo pa kumlinganisha nyota wa kwanza na mrithi: okestra moja, mwendo mmoja, kii moja, waimbaji wengine wale wale. Kumbuka tu kwamba Kert aliimba juu ya muziki uliokwisha kurekodiwa. Mwongoza okestra hakuwa akimtazama yeye, hivyo asingeweza kuchelewa neno hata kama moyo ulitaka. Sikiliza "Being Alive" kwa Jones, kisha kwa Kert. Jones anasikika kama mtu aliye karibu kuvunjika; Kert anaimba kwa sauti iliyotulia na pana zaidi. Sisi twamchagua Jones kwa wimbo huo, na Kert kwa vipande vyepesi.

Kert alishindania tuzo ya Tony ingawa alikuwa mrithi. Inaruhusiwa?

Kwa kawaida hairuhusiwi. Yeye alikuwa kesi ya pekee. Pearl Bailey, naye mrithi, alipewa Tony maalumu, nje ya mashindano, mwaka 1968.

*Sweeney Todd*: Len Cariou au George Hearn?

Cariou yumo katika albamu ya 1979, Hearn aliyempokea yumo katika video iliyopigwa wakati wa ziara, wote wawili wakiwa na Angela Lansbury. Hapo ndipo pa kuwa na tahadhari. Ukimtazama Hearn unaona macho na wembe wa Sweeney, kinyozi muuaji. Cariou una sauti peke yake. Funika kioo, usikilize video bila picha, ndipo uamue. Tulipofanya hivyo Cariou alizidi kwa utulivu wa kutisha wa maneno, Hearn kwa ukubwa wa ghadhabu.

Katika *The Lion King* ya jukwaani, Rafiki anaimba Kiswahili? Na baada ya yule wa kwanza, mambo yalibadilika?

Majina Simba na Rafiki ni yetu, na "Hakuna Matata" pia, lakini ule mwito wa kufungua onyesho ni Kizulu, na sehemu kubwa ya uimbaji wa Kiafrika ulioletwa na mwanamuziki Lebo M unatokana na lugha za Afrika Kusini. Jukwaani mwongozaji Julie Taymor alimfanya Rafiki kuwa mwanamke, na aliyeanzisha nafasi New York mwaka 1997 ni Tsidii Le Loka, mzaliwa wa kusini mwa Afrika. Katika albamu, msikilize pamoja na Heather Headley, Nala wa kwanza, kwenye "Shadowland". Waliompokea wengi wametoka Afrika Kusini pia, kwa sababu za kazi: matamshi yenye kugonga ulimi hayafundishwi kwa wiki chache za mazoezi, na mwito ule unahitaji sauti ya kifuani iliyokomaa, maonyesho manane kwa wiki.

Nawezaje kuwaona warithi ambao hawana albamu, bila kununua video za wizi?

Maktaba ya umma ya New York, katika tawi lake la sanaa za maonyesho pale Lincoln Center, imekuwa ikirekodi maonyesho tangu mwaka 1970. London, jumba la makumbusho la Victoria and Albert (V&A) lina hifadhi ya namna hiyo tangu 1992. Video hizo hutazamwa palepale, kwa miadi, na hazitolewi nje wala kunakiliwa. Tafuta kwanza katika katalogi yao mtandaoni kwa jina la tamthilia, kisha kagua tarehe ya kurekodiwa na orodha ya waigizaji kabla ya kuomba miadi. Wakati mwingine onyesho lilirekodiwa miezi kadhaa baada ya uzinduzi, na unayemkuta ndani yake si nyota wa kwanza.