Weusi kwenye mlimau haukuwa moshi wa jiko

Mlimau wangu hapa Uyole uko nyuma kabisa ya jiko, kwa hiyo majani yalipoanza kuwa meusi nililaumu kuni. Nikayafuta kwa kitambaa. Baada ya siku chache, yale yale.

Siku nilipogeuza jani ndipo nikaona vipele vya kahawia vimejipanga kando ya mshipa, vimetulia tuli. Nikakwangua kimoja kwa ukucha, kikabanduka na majimaji. Vidugamba, wadudu wadogo wenye gamba. Hufyonza utomvu wa mti na kutoa maji matamu yanayonata, na ukungu mweusi huota juu ya utamu huo. Kwa hiyo nilikuwa nafuta uchafu, mwenye kuuleta nimemwacha.

Kosa langu la pili liliniuma zaidi. Dukani nikapewa dawa "inayoua kila kitu", na kweli iliua: mbawakawa wekundu wenye madoa meusi, wale wanaokula vidugamba, niliwakuta chini ya mti wamekufa. Vidugamba wenyewe, chini ya magamba yao, wakaendelea kuzaana bila adui.

Mzee jirani alipita akauliza, "Mama, hao sisimizi wanapanda kufanya nini?" Sikuwa nimewaza. Kumbe sisimizi hufuata yale maji matamu, na wanawalinda vidugamba kama mtu na ng'ombe wake wa maziwa. Nikakata matawi yaliyogusa ukuta, nikafunga kitambaa kwenye shina na kukipaka grisi. Grisi iwe juu ya kitambaa, si kwenye gamba la mti. Kila wiki nakagua: vumbi letu la kiangazi likiganda pale, sisimizi wamepata daraja.

Matawi yaliyozidiwa nikayapogoa na kuyachoma. Mengine nikasugua kwa mswaki wa zamani na maji ya sabuni. Kazi ya kuchosha, lakini kwa mti mmoja inawezekana.

Kupulizia kunataka kungojea watoto wa vidugamba. Wakitoka chini ya mama hutembea siku chache kabla ya kujigandisha, na hawajapata gamba gumu. Zungusha solotepu kwenye kitawi, upande wa gundi uwe nje. Ukiona vinukta vya njano vimenasa, andaa bomba. Mimi hutia vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya kupikia na kijiko kidogo cha sabuni ya maji kwa lita moja, natikisa kila mara, na nalowanisha hasa chini ya majani. Jaribu kwanza tawi moja, usubiri siku mbili. Pulizia jioni, maana kwenye jua kali au kwa mti wenye kiu mafuta yanaunguza majani. Rudia baada ya wiki mbili.

Mbolea ya chumvichumvi nimepunguza, maana machipukizi laini ndiyo karamu yao.

Halafu wakifa hawadondoki. Nilikuwa tayari nimechanganya dawa ya mara ya nne, nikakumbuka ukucha. Nikakwangua hapa na pale: unga mkavu mtupu.