Wasomaji Wanauliza: Led Zeppelin ya kwanza ina ubora gani?

SWALI: Albamu ya kwanza ya Led Zeppelin, bendi ya roki ya Uingereza, inasifiwa mno, lakini nyimbo zake za bluzi za polepole zinanichosha. Je, nasikiliza vibaya?

JIBU: Hapana, masikio yako ni mazima. Albamu hiyo ya 1969 ilirekodiwa London katika studio za Olympic kwa takriban saa 36 tu, na haraka hiyo imeleta mazuri na mabaya.

Anza na dramu. Jimmy Page, mpiga gitaa na mtayarishaji, aliweka baadhi ya maikrofoni mbali na ala ili zinase pia mwangwi wa chumba. Ndiyo maana mpiga dramu John Bonham anasikika mzito hivyo. Katika wimbo "Good Times Bad Times" fuata dramu ya mguu: yale mapigo ya mfululizo anayapiga kwa pedali moja! Wapiga dramu hadi leo yanawatoa jasho.

Unapochoka ndipo penye udhaifu wenyewe. "You Shook Me" inapita dakika sita, gitaa likiiga sauti ya mwimbaji Robert Plant hadi utamu unaisha. Plant naye hupanda juu mapema mno, kisha anakosa pa kwenda.

Kasoro kubwa zaidi, kwa maoni yetu, ni ya haki: "Dazed and Confused" ilitolewa kwa jina la Page pekee, ilhali mwimbaji Jake Holmes alikwisha kutoa wimbo huo mwaka 1967.

Ukirudia, tumia spika za masikioni. Katika "Babe I'm Gonna Leave You" utasikia sauti ya Plant ikivuja kwa mbali, kwani maikrofoni nyingine ziliinasa.