Wasomaji Wanauliza: Barua za Familia Kubwa za Marekani ya Kale

Toleo lililopita tuligusia barua ambazo John Adams, aliyekuja kuwa Rais wa pili wa Marekani, na mkewe Abigail waliandikiana tangu uchumba wao mwaka 1762 hadi 1801. Zilizobaki ni zaidi ya 1,100. Maswali yamemiminika, na manne tunayajibu hapa.

Kikundi chetu cha maigizo kina onyesho la mke anayefungua barua ya mumewe, mwaka 1776. Tumechovya karatasi kwenye chai ionekane ya kale, tukanunua na bahasha ya kaki. Tuko sawa? – Msomaji, Temeke

Chai iacheni, na bahasha pia. Kwenye mchezo wenu barua hiyo ni mpya: karatasi nyeupe ya kuelekea rangi ya maziwa, wino mweusi. Ukahawia mnaouona kwenye picha za leo umekuja na miaka zaidi ya mia mbili. Wino wa wakati ule ulitengenezwa kwa vinundu vya mwaloni, ambavyo huota mti unapotagwa mayai na nyigu mdogo, vikachanganywa na salfeti ya chuma na gundi ya mgunga. Ulitoka hafifu kalamuni, ukakolea weusi kwa hewa, na baada ya miaka mingi ndipo ukageuka kahawia.

Bahasha haikuwa ikitumika kwa kawaida, kwa sababu karatasi ilijifunika yenyewe. Chukueni karatasi ya A3 isiyong'aa, ikateni iwe sentimita 37 kwa 23, kisha ikunjeni katikati kama daftari. Mtapata kurasa nne, kila moja sentimita 18.5 kwa 23. Andikeni ukurasa wa kwanza, wa pili na wa tatu. Wa nne acheni sehemu ya katikati tupu, ndipo anwani itakapokaa.

Sasa lazeni barua, ukurasa wa kwanza ukitazama juu. Kunjeni ubavu wa kushoto na wa kulia kuelekea ndani, sentimita 5.5 kila upande. Vitapandana kidogo na mtabaki na utepe wa sentimita 7.5 kwa 23. Kunjeni ncha ya chini sentimita 6.5, na ya juu vilevile, kisha chomekeni ncha moja ndani ya mfuko wa nyingine kiasi cha sentimita 3. Matokeo ni kifurushi cha sentimita 10 kwa 7.5, kinacholingana na kiganja. Kigeuzeni, muandike jina na mji wa anayepelekewa.

Pale ncha zilipoingiliana ndipo pa kuziba. Tumieni lakiri halisi, ile wanayofungia nyaraka maofisini. Nta ya mshumaa itawaangusha: inaacha doa la mafuta kwenye karatasi, na ikishapoa inabanduka barua ikipinda kidogo tu. Kama moto jukwaani ni hatari, kuna njia nyingine ambayo nayo ilikuwa ya kawaida zama zile: kiduara chembamba cha unga wa ngano kilichotiwa rangi nyekundu, kinaloweshwa na kugandamizwa kati ya mikunjo.

Mwigizaji asiipasue barua kama mfuko wa karanga. Aingize kidole chini ya mkunjo, ainue taratibu. Hata hivyo lakiri mara nyingi iling'oka na kipande cha karatasi, na maneno ya upande wa ndani yakaenda nacho. Ndiyo maana barua nyingi za kweli zina tundu ukingoni na sentensi zenye pengo. Waandishi wenye uzoefu waliacha nafasi tupu mahali muhuri utakapoangukia.

Kalamu iwe ya unyoya wa bata bukini, na wa bata mzinga unafaa pia. Ulowesheni usiku mzima, kisha chomekeni bomba lake kwenye mchanga uliopashwa moto kwenye sufuria hadi liwe gumu na lipoteze ukungu wake. Mkiruka hatua hii ncha italainika kwa wino na kupanuka baada ya mistari michache. Na msisahau kuchovya kila baada ya maneno machache: maandishi yanaanza mazito, yanafifia, yanakolea tena. Watazamaji wa viti vya mbele wataliona hilo.

Ni kweli aliyepokea ndiye aliyelipa? – Msomaji, Sinza

Kwa kawaida, ndiyo. Mtumaji angeweza kutanguliza malipo lakini wengi hawakufanya hivyo; kulipa kabla kulifanywa lazima mwaka 1855. Sheria ya posta ya 1792 ilitoza kwa umbali na kwa idadi ya karatasi: senti 6 hadi maili 30, senti 10 kati ya maili 60 na 100, na senti 25 kupita maili 450. Karatasi mbili, bei mara mbili. Bahasha nayo ingehesabiwa karatasi, kwa hiyo ungemtoza shangazi yako mara mbili kwa kitu kisichosomeka. Hapo ndipo utaelewa kwa nini watu walijaza hadi pembezoni, na wengine waligeuza karatasi upande na kuandika tena juu ya mistari yao wenyewe, mistari mipya ikipishana na ya kwanza kama msalaba. Wabunge walisamehewa: waliandika "bure" na kutia saini juu ya barua.

Wenye uwezo walipendelea kumpa barua msafiri wanayemfahamu. Hilo nalo lilikuwa na hatari yake. Julai 1775 John Adams alimkabidhi mwanasheria kijana barua kadhaa, mojawapo ya kumpelekea Abigail. Waingereza walimkamata njiani, barua zikachapishwa gazetini Boston, pamoja na kejeli za Adams kwa John Dickinson, mjumbe mwenzake wa Kongresi, yaani mkutano wa wawakilishi wa makoloni.

Inakuwaje barua iliyotumwa ipatikane kwenye nyaraka za mtumaji? – Msomaji, Mbezi

Ni nakala. Njia ya zamani ilikuwa daftari la barua: unanakili kwa mkono kabla ya kutuma. Mwaka 1780 mvumbuzi James Watt wa Uskoti alipata hataza ya mashine ya kugandamiza. Karatasi nyembamba sana iliyoloweshwa ililazwa juu ya barua mbichi, ikabanwa, ikanyonya sehemu ya wino. Maandishi yalitokea kinyume, yakasomwa kupitia upande wa pili. Ukichelewa, wino unakauka na nakala inatoka hafifu. Ukilowesha mno, inavuja na barua yenyewe inaharibika. Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa Rais wa tatu wa Marekani, alitumia mashine hiyo kwa miaka mingi, na kuanzia 1804 akahamia kifaa chenye kalamu mbili zilizounganishwa kwa fremu: anaandika kwa moja, ya pili inamfuatisha. Zaidi ya hapo aliweka orodha ya kila barua aliyoandika na kupokea tangu 1783 hadi 1826.

Lakini nakala hazitunzi kila kitu, na barua za ndani ya nyumba ndizo zilizoteketea zaidi. Martha Washington alichoma karibu zote alizoandikiana na mumewe George, Rais wa kwanza, kabla ya kufariki mwaka 1802. Mbili za Juni 1775, mumewe alipopewa uongozi wa jeshi, zilisalimika ndani ya dawati lililorithiwa na mjukuu wake. Kati ya Jefferson na mkewe, aliyefariki 1782, hakuna hata moja. Kwa hiyo anayesoma tulichonacho anasoma kilichoponea tundu la sindano.

Naandika tasnifu kuhusu Abigail Adams. Nimepata matini ya barua zake yaliyochapwa 1840. Yanatosha? – Mwanafunzi, Mlimani

Hayatoshi. Aliyeyachapisha ni mjukuu wake, Charles Francis Adams, na alisahihisha tahajia na kuondoa sehemu alizoona hazifai kwa umma. Shirika la Historia la Massachusetts limeweka intanetini picha za barua zenyewe pamoja na maandishi yake, bila malipo. Linganisha mstari kwa mstari, kuanzia barua ya 31 Machi 1776 ambamo Abigail anamtaka mumewe awakumbuke wanawake katika sheria mpya.

Usiishie kwa mabwana na mabibi. Kwenye mashamba ya Virginia barua kati ya nyumba na nyumba zilibebwa mara nyingi na watumwa, ambao majina yao hutajwa kwa kupita tu. Wachache waliandika wenyewe. Tarehe 15 Novemba 1818 Hannah, mtumwa wa Jefferson huko Poplar Forest, shamba lake jingine Virginia, alimwandikia kwamba nyumba na samani ziko salama, akamhimiza katika imani. Isome sambamba na za binti zake Jefferson. Utaona ni mambo gani kila mmoja aliruhusiwa kuyasema.

Mwisho, tarehe. Kabla ya 1752 mwaka wa kisheria katika makoloni ya Uingereza ulianza 25 Machi, hivyo Februari 1750/51 kwetu ni 1751. Kisha Septemba 1752 ikaruka kutoka tarehe 2 hadi 14. Andika mwaka kwa hesabu ya kalenda ya leo kwenye matini yako, na tarehe asilia ibaki kwenye mabano.