Kuiga bia ya Krismasi yenye viungo: bia kwanza, tangawizi na mdalasini baadaye

Watu wengi wanaojaribu kupika nyumbani bia inayofanana na ile ya dukani wanayoipenda msimu wa Krismasi huanzia mahali pasipofaa, yaani kwenye mdalasini. Hukusanya viungo, huvitia kwenye sufuria dakika za mwisho za kuchemsha kwa kipimo walichokisoma mahali fulani, kisha husubiri wiki kadhaa ndipo wajue kama walipatia au la. Ushauri wangu, baada ya kupika bia za namna hii kwa misimu kadhaa, ni kinyume cha hapo. Pika kwanza bia ambayo, hata kabla ya kutiwa kiungo cha mwisho, inalingana na ile unayoiiga kwa rangi, uzito, utamu na kilevi. Halafu utie viungo mwishoni, kidogo kidogo, huku glasi ya bia ya dukani ikiwa mezani mbele yako.

Jambo la kwanza ni kuchagua bia ya kuigwa ambayo haibadiliki. Mimi hupenda Great Lakes Christmas Ale, inayopikwa Cleveland katika jimbo la Ohio, Marekani, tangu mwaka 1992. Kiwanda chenyewe hutaja asali, tangawizi na mdalasini, pamoja na kilevi cha asilimia 7.5 na uchungu wa vizio 30 vya IBU (kipimo cha kimataifa cha uchungu wa bia). Hayo yanatosha kabisa kuanzia kazi. Linganisha na bia ya Krismasi ya Anchor ya San Francisco, iliyoanza kutoka mwaka 1975: mapishi yake yalibadilishwa kila mwaka, na mti uliochorwa kwenye lebo vilevile, huku viungo vikiwa siri. Kiwanda hicho kilisimamisha kazi mwaka 2023, kwa hiyo anayetaka kuiga bia ile lazima achague toleo la mwaka mmoja na kulitegemea kwa kumbukumbu tu, na ulimi hausahau haraka kitu chochote kama unavyosahau kiasi cha kiungo.

Ukishachagua, nunua chupa kadhaa na usizinywe zote. Chupa moja ni ya kupimia. Imimine kutoka glasi moja hadi nyingine mara nyingi mpaka gesi yote itoke, uiache ifikie joto ambalo haidromita yako (kifaa kinachoelea cha kupima densiti, yaani uzito wa kimiminika ukilinganishwa na maji) imetengenezewa kusoma, kwa kawaida nyuzi 20 za Selsiasi, ndipo uitumbukize haidromita. Usifanye hivyo bia ikiwa bado na gesi, kwa sababu vipovu hung'ang'ania kifaa na kukiinua, nawe utasoma densiti kubwa kuliko iliyopo. Tuseme umesoma 1.015. Chukua kilevi kilichoandikwa kwenye lebo, 7.5, ukigawanye kwa 131, namba ya kudumu ya hesabu hii, upate karibu 0.057, jumlisha na ulichosoma, na sasa unajua kwamba bia hiyo ilianza kuchachuka ikiwa na densiti ya karibu 1.072. Umepata mwanzo na mwisho wa safari nzima ya hamira bila kuona hata ukurasa mmoja wa daftari la kiwandani. Rangi nayo ipimwe kwa macho: glasi mbili za upana mmoja, karatasi nyeupe nyuma yake, mwanga wa mchana. Rangi inayotafutwa hapa ni ya shaba iliyokolea, inayoelekea kwenye wekundu.

Sasa niseme kuhusu asali, maana hapa ndipo wapishi wengi wa nyumbani hupotezwa na jina. Mtu akinywa bia iliyoandikwa kwamba ina asali na kuonja utamu, huamini kwamba utamu huo ni wa asali, kwa hiyo akiona bia yake haina utamu wa kutosha huongeza asali. Matokeo ni kinyume na alivyotaka. Sukari za asali huchachuka karibu zote, hamira haiachi kitu cha maana, na kinachobaki ni harufu hafifu ya maua pamoja na kilevi zaidi. Asali huipunguzia bia uzito mdomoni na kuifanya ikauke. Utamu unaouonja hutoka kwenye kimea (nafaka iliyooteshwa kisha kukaushwa), hasa kimea cha karameli, ambacho kina sukari zisizochachuka kwa urahisi, na kwenye joto la maji uliyolowekea nafaka. Mdalasini nao huongeza hisia ya utamu ijapokuwa hauna sukari, kwa kuwa akili imezoea kuukuta kwenye vitu vitamu. Kwa hiyo, bia yako ikionekana kavu kuliko ile ya dukani, ongeza karameli kidogo au pandisha joto la kulowekea kwa nyuzi moja au mbili, na asali uiache ilivyo.

Kwa lita 20 mimi hutumia kilo 5.2 za kimea cheupe cha shayiri, gramu 400 za kimea cha ngano, gramu 400 za kimea cha karameli cha rangi ya wastani, gramu 200 za kimea kilichokaushwa kwa moto mkali kiasi cha kunukia mkate uliobanikwa, na gramu 40 tu za shayiri iliyokaangwa hadi kuwa nyeusi. Gramu hizo 40 ni za rangi, si za ladha. Ukizidisha, utaanza kuonja kahawa, na kahawa haimo kabisa kwenye bia hii. Loweka nafaka kwa saa moja katika maji yatakayotulia kwenye nyuzi 67, suuza kwa maji ya nyuzi 76 hivi, na ukusanye karibu lita 25 za kuchemsha. Hopsi, maua yanayoipa bia uchungu na harufu, ni za aina mbili: gramu 45 za Cascade mwanzoni mwa saa moja ya kuchemsha, kwa ajili ya uchungu, na gramu 20 za Mt. Hood zikibaki dakika kumi. Ukizima moto, subiri joto lishuke chini ya nyuzi 80 ndipo ukoroge gramu 450 za asali. Moto ukiwa bado unawaka, mvuke huondoka na harufu yenyewe unayoilipia.

Maji ya bomba yaliyotiwa klorini yashughulikiwe kabla ya kuanza, kwa kidonge cha kuondoa klorini kinachouzwa kwa wapishi wa bia. Klorini ikikutana na kemikali za kimea huleta ladha ya dawa ya hospitali, inayokaribia ile ya karafuu, na katika bia yenye viungo kosa hilo ni gumu kulitambua kwa sababu mtu hudhani ni kiungo kilichozidi. Kwa sababu hiyohiyo nachagua hamira isiyo na makeke. Hamira nyingi za Kibelgiji na zile za bia za ngano za Kijerumani hutengeneza zenyewe ladha ya karafuu, ambayo katika bia nyingine ni uzuri mkubwa, lakini hapa ingeongeza kiungo ambacho hukukitia na ambacho huwezi kukipima. Tumia hamira safi ya bia za Kimarekani au ya Kiingereza, na kwa densiti ya 1.072 usitegemee pakiti moja: pakiti mbili za hamira kavu za gramu 11 ndizo zinazotosha lita 20. Joto likae kati ya nyuzi 18 na 19 siku za mwanzo, kisha liachwe lipande taratibu kuelekea 21 ili hamira imalize kazi yake.

Kwenye sufuria naruhusu kiungo kimoja tu, tangawizi mbichi, gramu 15 zilizokwaruzwa, dakika tano kabla ya kuzima moto. Tangawizi iliyopikwa huleta joto la kooni, na kiasi hicho ni kidogo kiasi kwamba hakiwezi kuiharibu bia. Mengine yote yanasubiri.

Yanasubiri kwenye mitungi midogo. Siku tano kabla ya kuhitaji viungo, mimina mililita 100 za vodka kwenye kila mtungi kati ya mitungi miwili ya kioo yenye vifuniko. Katika mmoja weka vijiti viwili vya mdalasini vilivyovunjwa vipande. Katika mwingine weka gramu 30 za tangawizi mbichi iliyokatwa nyembamba. Usichanganye viungo kwenye mtungi mmoja, maana utapoteza uwezo wa kuongeza kimoja bila kingine. Usitumie mdalasini wa unga pia, kwa sababu hugeuka utelezi ukilowa na huwezi kuuchuja vizuri. Vodka huvuta mafuta ya viungo kuliko maji na wakati huohuo huua vijidudu, kwa hiyo hofu ya kuambukiza bia inaondoka. Onja mtungi wa mdalasini kila siku kwa kutia tone moja kwenye kijiko cha maji: siku ya kwanza utapata harufu bila ladha, siku ya tatu utapata utamu wake, na ukiuacha mno utaanza kuonja mti, ukakasi ule unaokausha ulimi. Uchuje kabla ya kufika hapo. Ujue pia kwamba kuna mdalasini wa aina mbili sokoni: ule wa Ceylon, wenye magamba mengi membamba yanayovunjika kwa vidole, ambao ni laini na wa harufu ya maua, na kasia, wenye gamba moja nene na gumu, ambao ni mkali zaidi. Bia nyingi za sikukuu zina ule ukali wa kasia, na huo ndio ninaoupendekeza hapa.

Hamira ikishamaliza, densiti ikawa ileile kwa vipimo viwili vilivyoachana kwa siku tatu, toa bia kidogo na uanze kazi ninayoipenda kuliko zote. Ondoa gesi kwenye chupa moja ya dukani kama ulivyofanya mwanzo, na uweke bia zote mbili kwenye joto moja, nyuzi 12 hivi, kwa sababu baridi hufunika harufu na gesi huongeza ukali wa tangawizi. Ukilinganisha bia yako tulivu na ya dukani yenye gesi, utakuwa unalinganisha vitu visivyolingana. Pima mililita 100 za bia yako kwenye glasi. Kwa bomba la sindano lisilo na sindano, lile la mililita moja, tia mililita 0.1 ya vodka ya mdalasini iliyochujwa, koroga, nusa, onja, kisha onja ya dukani. Ongeza 0.1 nyingine. Mara nyingi badiliko hutokea ghafla: 0.1 huwezi kuisikia, 0.2 inaifanya bia ionekane tamu zaidi ingawa huwezi kutaja sababu, na 0.3 inautaja mdalasini kwa jina. Bia ya kuigwa iko mahali fulani kati ya hizo, na pua yako itakuambia ni wapi. Ukiupata mdalasini, fanya vivyo hivyo na tangawizi kwenye glasi mpya ambayo tayari ina kipimo chako cha mdalasini, kwa kuwa viungo hivi hubadilishana nguvu vikiwa pamoja.

Hesabu yake ni nyepesi. Lita 20 ni mililita 100 mara 200, kwa hiyo kila mililita 0.1 kwenye glasi ni mililita 20 kwenye pipa. Kama glasi ilikubali 0.2 ya mdalasini, pipa linahitaji mililita 40. Usimimine zote kwa mara moja. Tia robo tatu yake, acha usiku mmoja ichanganyike, onja tena, kisha amua kuhusu robo iliyobaki. Kiungo kilichozidi hakitolewi. Kilevi kinachoongezwa na vodka hiyo ni kidogo mno kukushughulisha.

Kabla ya kuamini ulimi wako, omba mtu akusaidie kwa glasi tatu zinazofanana, mbili zenye bia ya aina moja na ya tatu yenye bia nyingine, bila wewe kujua ipi ni ipi. Kazi yako ni kuitambua ile iliyo tofauti. Anayebahatisha hupatia mara moja kati ya tatu, kwa hiyo jibu moja sahihi halithibitishi chochote; rudia mara kadhaa, kwa mafunda madogo na maji katikati. Ukitambua kila mara, uliza tofauti iko wapi: kwenye kiungo, utamu au uchungu. Ikiwa ni kiungo, bado una nafasi ya kurekebisha. Ikiwa ni utamu au uzito, usijaribu kuuziba kwa mdalasini. Andika, na ubadilishe kimea mara ijayo.

Kwa chupa, gramu 115 hadi 120 za sukari ya kawaida zilizochemshwa kwenye maji kidogo hutosha lita 20 zilizokaa kwenye nyuzi 20. Hamisha bia kwa mpira unaofika chini kabisa ya chombo, bila kuirusharusha, kwa sababu hewa huharibu upesi harufu ya asali na kuifanya bia inuke karatasi iliyolowa. Kisha hesabu majira. Bia ya kunywewa Desemba ipikwe mapema Oktoba au mwishoni mwa Septemba: wiki tatu za kuchachuka na kutiwa viungo, wiki tatu za kuingia gesi kwenye chupa, na wiki kadhaa za kilevi kutulia. Tangawizi ndiyo ya kwanza kufifia, mdalasini hudumu zaidi. Ndiyo maana chupa ya dukani unayolinganishia iwe ya msimu uleule na si iliyobaki kabatini tangu mwaka uliopita, la sivyo utaiga kwa uaminifu mkubwa bia ambayo imekwisha kupoteza nusu ya tangawizi yake. Kwa kuwa bia hiyo huingia sokoni Marekani kuanzia Oktoba, nanunua zangu za kulinganishia mara tu zinapofika, hamira ikiwa bado kazini kwenye pipa, na kuzihifadhi kwenye jokofu mpaka siku ya glasi na bomba la sindano.