Maswali ya Wasomaji: Kitabu cha Karatasi au Kifaa cha Kusomea?

Swali: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu, ninaishi Tanga. Kijana wangu anayefanya kazi Muscat ananisihi nikubali aniletee kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki, kwa sababu macho yangu hayazimudu tena herufi ndogo, na kabati langu la vitabu limekwisha kuingiliwa na mchwa. Mimi nimezoea karatasi, na sehemu kubwa ya ninavyosoma ni riwaya na diwani za Kiswahili. Je, nikubali? Na nikikubali, nivigawe vitabu nilivyonavyo?
*Mwalimu mstaafu, Tanga*

Jibu: Mwalimu, shikamoo. Kifaa kipokee, ila vitabu usivigawe.

Nianze na macho, kwa kuwa hapo kijana wako ana haki kabisa. Kioo cha kifaa cha kusomea hakifanani na kioo cha simu. Kinatumia wino wa kielektroniki, teknolojia iliyotokana na utafiti wa Chuo cha MIT nchini Marekani na kuendelezwa na kampuni ya E Ink iliyoanzishwa mwaka 1997. Ndani yake mna vifuko vidogo mno visivyoonekana kwa macho, vyenye chembe nyeupe na nyeusi. Umeme ukipita, chembe za rangi moja hupanda juu na za rangi nyingine hushuka, na herufi ikishaundika hubaki palepale bila kuhitaji umeme tena mpaka utakapofungua ukurasa mwingine. Ndiyo maana chaji moja hudumu kwa wiki kadhaa, na ndiyo maana unaweza kukaa barazani saa sita mchana ukasoma bila kuhangaika na mwako, kwa kuwa kioo hicho huakisi mwanga wa jua kama karatasi inavyouakisi. Juu ya hayo, herufi unazikuza upendavyo. Kwa mtu ambaye miwani imeanza kumshinda, jambo hilo peke yake linatosha kukifanya kifaa kiwe na thamani.

Sasa tuje kwenye vitabu vyenyewe, na hapa ndipo ninapotofautiana na kijana wako. Amazon, kampuni yenye duka la mtandaoni, iliyoanza kuuza kifaa chake cha kusomea kiitwacho Kindle huko Marekani Novemba 2007 kwa dola 399, ina vitabu vingi mno vya Kiingereza, lakini msomaji wa Kiswahili akiingia katika duka hilo atatoka na vichache. Riwaya nyingi tulizozisoma shuleni, zilizochapwa miaka ya 1970 na 1980, hazijapata toleo halali la kielektroniki. Kinachozunguka katika makundi ya WhatsApp ni picha za kurasa zilizopigwa na kufungwa katika faili la PDF, mara nyingi bila mwandishi wala mchapishaji kujua, na licha ya kuwa ni dhuluma kwa aliyeandika, faili kama hilo halikusaidii wewe mwenye macho mazito. PDF ya namna hiyo ni picha ya ukurasa. Ukiifungua katika kioo cha inchi 6, ukurasa mzima hujibana mpaka herufi zikawa ndogo kuliko zilivyokuwa kitabuni. Ukiivuta ikue, mwisho wa mstari unapotea upande wa kulia, nawe unabaki kuusukuma ukurasa huku na huko kwa kidole kwa kila mstari unaousoma. Muundo unaokufaa ni EPUB, ambao maneno yake hujipanga upya kila unapobadilisha ukubwa wa herufi. Basi kabla kifaa hakijanunuliwa, mpe kijana wako orodha ya vitabu kumi unavyovitaka, akutafutie vingapi vinapatikana kwa njia halali katika muundo huo. Orodha hiyo itakujibu vizuri kuliko mimi.

Diwani nazo zina balaa lake. Chukua shairi la tarbia, yaani la mishororo minne kila ubeti, lenye mishororo ya mizani (silabi) 16, minane ukwapi, yaani kipande cha kwanza cha mshororo, na minane utao, kipande cha pili. Katika kitabu kilichopangwa na mchapaji anayejua kazi yake, kina cha kati kinasimama chini ya kina cha kati, na kina cha mwisho chini ya kina cha mwisho, jicho likishuka linaviona vyote kwa pamoja. Kifaa hakijui mshororo unapaswa kuishia wapi. Ukizikuza herufi, kinaukata mshororo popote kioo kinapoishia, pengine baada ya mizani 11 au 12, na kina cha mwisho kinaangukia peke yake katika mstari wa chini kana kwamba ni mshororo mwingine. Nathari inalivumilia hilo, lakini ushairi wa arudhi, wenye kufuata vina na mizani, hauvumilii, na kwa mashairi mimi binafsi sijaona mbadala wa karatasi. Afadhali ununue kioo kizuri cha kukuzia maandishi.

Kuhusu kuvigawa vitabu, kumbuka kwamba mara nyingi unaponunua kitabu cha kielektroniki unachonunua ni ruhusa ya kukisoma. Julai 2009 Amazon ilizifuta nakala za vitabu viwili vya George Orwell kutoka katika Kindle za wateja waliokwisha kuvilipia, kwa kuwa aliyeviweka dukani hakuwa na hakimiliki. Fedha zilirudishwa na mkuu wa kampuni, Jeff Bezos, akaomba radhi, lakini vitabu vilikuwa vimekwisha kutoka mikononi mwa watu wakiwa majumbani mwao. Mwaka 2019 Microsoft ililifunga duka lake la vitabu, na wateja wakarudishiwa fedha huku vitabu vyao vikitoweka. Na tangu Februari 2025, Amazon imeondoa njia iliyomwezesha mteja kupakua kitabu kwenye kompyuta yake na kukihamishia kwenye Kindle kwa waya. Mwalimu aliyezoea kumwazima kitabu mwanafunzi wake wa zamani anayepita kumjulia hali (na walimu wengi wastaafu ninaowafahamu ndivyo walivyo) hatakuwa na cha kumpa, na wajukuu hawatarithi kitu.

Mchwa wanazuilika. Hao hujenga vijia vya udongo kutoka ardhini, hivyo kabati lisigusane na ukuta wala lisikae moja kwa moja sakafuni. Liache wazi kidogo nyuma yake ili upitishe mkono na kuchungulia mara kwa mara. Hewa ya pwani wakati wa masika ndiyo inayoleta kuvu, kwa hiyo usivibane vitabu, na siku ya jua kavu ifungue milango ya kabati.

Swali: Mwanangu yuko kidato cha tatu hapa Nakuru na anasomea kwenye simu. Anadai maneno ni yale yale, yawe kwenye simu au kwenye kitabu, na kwamba ninapoteza pesa nikimnunulia vitabu. Nimwamini?
*Mama wa mwanafunzi, Nakuru*

Jibu: Maneno ni yale yale, mama, ila kinachobaki kichwani si kile kile. Mwaka 2018 watafiti wa Hispania na Israeli walichapisha uchambuzi wa tafiti 54 zilizofanywa kati ya mwaka 2000 na 2017, zenye washiriki zaidi ya 170,000, nao wakakuta kwamba waliosoma kwenye karatasi walielewa zaidi, hasa katika maandishi ya kuelimisha na hasa pale msomaji alipokuwa na muda wenye kikomo. Maandishi ya kuelimisha kwa muda wenye kikomo ndiyo hasa maandalizi ya mtihani. Uswidi, nchi iliyotangulia wengi kuingiza vifaa vya kidijitali darasani, ilitenga kronor milioni 685 mwaka 2023 ili kurudisha vitabu vya karatasi mashuleni.

Jambo la pili ni usingizi. Utafiti mdogo wa watu 12 uliofanywa Boston na kuchapishwa mwishoni mwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba waliosoma kwenye kishikwambi chenye mwanga kabla ya kulala walichelewa kupata usingizi kwa takriban dakika 10 kuliko waliposoma kitabu, na asubuhi walikuwa wazito zaidi kuamka.

Mnunulie vitabu vya masomo yanayompa shida, ukianza na vile anavyoweza kuvipigia mstari kwa penseli, na vingine atafute kwa wenzake au maktaba. Simu, hata akiitumia kwa marudio, isiingie naye kitandani.

Swali: Nina simu tu, na fedha za kununua kifaa cha kusomea sina. Je, kuna ubaya kusoma riwaya kwenye simu?
*Kijana, Dodoma*

Jibu: Hakuna. Uchambuzi ule ule wa mwaka 2018 haukukuta tofauti ya uelewa katika hadithi, na kwa bei ya Kindle ya kawaida, iliyotolewa mwaka 2024 kwa takriban dola 110 kabla ya usafirishaji na ushuru, utapata riwaya za karatasi za kukutosha kwa muda mrefu. Weka programu inayofungua EPUB, kuza herufi, kisha zima data, kwani kinachomtoa msomaji kitabuni ni ujumbe unaoingia kila dakika. Ukiwa na wadogo zako nyumbani, African Storybook, mradi wa Afrika Kusini ulioanza mwaka 2014, una hadithi za watoto za Kiswahili ambazo ni halali kupakua bila malipo. Riwaya za wakubwa waulize wachapishaji wenyewe kama wana toleo la EPUB. Wakiulizwa na wasomaji wengi watajua kwamba wateja wapo.